Kuthibitisha uhusiano kwa viza ya Uingereza bila cheti cha ndoa

Dada yangu, umeuliza kama ombi lenu litakataliwa kwa kuwa mwenzako yuko Leeds, wewe uko Mombasa, na hamjawahi kupanga nyumba pamoja. Tangu Januari 31, 2024, kanuni hazidai tena kwamba muwe mmeishi pamoja kwa miaka 2. Zinadai uhusiano unaofanana na ndoa uliodumu angalau miaka 2, na mzigo wa kuuthibitisha ni wenu. Picha pekee hazitoshi. Mimi niliambatisha taarifa za M-Pesa zilizoonyesha kodi ya nyumba ambayo mwenzangu alinitumia kila mwezi, mihuri ya pasipoti ya kila safari aliyokuja, na barua ya mama yake. Elezeni pia waziwazi kilichowafanya muishi mbalimbali, iwe kazi au masomo, kwani pengo lisiloelezwa humtia afisa shaka.