Jibu kwa mleta uzi: Red Hat, GPL na msimbo chanzo uliobanwa kwa mkataba

Mleta uzi ameuliza mambo mawili. La kwanza ni kama kampuni ya Red Hat ilivunja GPL, leseni ya programu huria, ilipoacha kuweka hadharani msimbo chanzo (maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na watengenezaji) wa RHEL, mfumo wake wa Linux unaouzwa kwa usajili. La pili ni kama kampuni yake, ambayo baadhi ya seva zake bado ziko kwenye CentOS 7 na nyingine kwenye Rocky Linux (mifumo ya bure iliyojengwa kwa msimbo wa RHEL), pamoja na seva moja ya hifadhidata ya Oracle, ilipie usajili, ibaki ilipo au ihamie Debian, mfumo mwingine wa Linux. Wachangiaji wengi wamejibu kwa hasira na wengine kwa kejeli, na maswali yenyewe yamebaki palepale. Mimi ni msimamizi wa seva hapa Dar es Salaam tangu enzi za CentOS 5, kwanza kwenye kampuni ya kuhifadhi tovuti na sasa kwenye taasisi ya fedha, kwa hiyo suala hili nimelishughulikia kwa mikono yangu.

Nianze na leseni, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapoteleza. GPL toleo la 2, iliyotolewa mwaka 1991 na ambayo ndiyo inayotawala kerneli (kiini) ya Linux, haisemi popote kwamba msimbo lazima uwekwe kwenye intaneti kwa kila apitaye. Inasema kwamba anayekupa programu iliyo tayari kuendeshwa akupe pamoja nayo msimbo chanzo wake, au akupe ahadi ya maandishi, inayodumu kwa muda usiopungua miaka mitatu, ya kuutoa kwa yeyote atakayeuomba. Aliyechagua njia ya kwanza amemaliza wajibu wake kwa yule aliyempa programu, na mtu wa pembeni hamdai kitu. Red Hat inafuata njia hiyo: mteja mwenye usajili anaingia kwenye tovuti ya wateja na kupakua vifurushi vya msimbo kama kawaida. Tena, vifurushi vingi vilivyomo ndani ya RHEL viko chini ya leseni za MIT, BSD na Apache, ambazo hazimlazimishi msambazaji kumpa msimbo hata huyo mteja. Kwa hiyo anayesema kwamba msimbo umefungwa na leseni imevunjwa waziwazi anatia chumvi.

Ubishi wa kweli uko kwenye kifungu cha 6 cha leseni hiyo, kinachokataza kumwekea mpokeaji vizuizi vya ziada juu ya haki alizopewa, mojawapo ikiwa ni haki ya kusambaza tena. Mkataba wa usajili unaipa Red Hat nafasi ya kusitisha huduma kwa mteja anayetumia usajili wake kusambaza msimbo kwa wengine. Hoja ya kampuni ni kwamba haki yako juu ya toleo ulilonalo haijaguswa, ila hakuna anayeweza kuilazimisha iendelee kukuuzia matoleo yajayo. Ni kama mwenye kisima anayekuambia kwamba ndoo uliyoteka ni yako na umgawie umtakaye, lakini ukimgawia jirani, kesho usirudi. Bradley Kuhn wa Software Freedom Conservancy, shirika linalotetea programu huria, katika uchambuzi mrefu alioutoa Juni 2023, alionyesha kwamba mtindo huu wa biashara umekuwa ukitembea ukingoni mwa GPL kwa miaka mingi. Mtindo huohuo ulijitokeza mwaka 2017, pale mradi wa grsecurity, unaotengeneza viraka (marekebisho) vya usalama vya kerneli, ulipoamua kuvitoa kwa wateja wake tu. Bruce Perens, mwanaharakati wa programu huria, aliukosoa hadharani, akashtakiwa kwa kashfa, na mahakama ya rufaa ya Marekani ikampa ushindi mwaka 2020 kwa sababu maneno yake yalikuwa maoni. Swali la GPL lenyewe mahakama haikuliamua. Kwa maoni yangu, kumtishia mtu kwa kukatiwa huduma ili asitumie haki yake ni kizuizi, hata kikivishwa nguo ya uhuru wa biashara. Lakini hayo ni maoni ya msimamizi wa seva, wala usiyapeleke kwa wakili wako kama sheria.

Mabadiliko yenyewe hayakuja usiku mmoja. Mwaka 2010, RHEL 6 ilipotoka, viraka vya kerneli ambavyo awali vilitolewa kimoja kimoja vilichanganywa ndani ya furushi moja kubwa, na kila mtu alielewa kwamba mlengwa ni Oracle, iliyokuwa ikiuza nakala ya RHEL kwa jina lake tangu 2006. Januari 2014 mradi wa CentOS ukaingia chini ya Red Hat. Julai 2019 IBM ikakamilisha ununuzi wa Red Hat kwa dola bilioni 34. Tarehe 8 Desemba 2020 ikatangazwa kwamba CentOS 8, ambayo watumiaji waliitarajia idumu hadi 2029, ingekoma mwishoni mwa 2021. Sisi tuliokuwa kwenye biashara ya kuhifadhi tovuti tulilisikia pigo hilo mapema kuliko wengi, kwa sababu seva za cPanel (programu ya kusimamia tovuti) karibu zote tulizokuwa nazo zilikuwa za CentOS. AlmaLinux na Rocky Linux zilizaliwa kutokana na tangazo hilo na zote zikatoa toleo la kwanza imara mwaka 2021. Kisha, tarehe 21 Juni 2023, Red Hat ikasema kwamba kuanzia hapo msimbo wa hadharani unaohusiana na RHEL ungepatikana kwenye CentOS Stream, mfumo unaotangulia matoleo ya RHEL, peke yake.

Watetezi wa kampuni husema kwamba Stream inatosha. Haitoshi, na nitaeleza kwa mfano wa kazini. Mkaguzi wa usalama alituletea ripoti iliyojaa rangi nyekundu kwa sababu chombo chake kiliona kerneli 4.18 kwenye seva zetu za Rocky 8 na kuihesabu kuwa ya zamani mno. Wanaoifahamu familia ya RHEL wanajua kwamba namba hiyo haibadiliki kwa miaka yote ya toleo la 8. Marekebisho mapya huchukuliwa kutoka kerneli za juu na kupandikizwa ndani ya ile ya zamani. Nilimwonyesha orodha ya mabadiliko kwa amri ya rpm -q --changelog kernel, namba ya udhaifu wa kiusalama ikiwa imeandikwa waziwazi, lakini alitaka kuona rekebisho lenyewe, na kwa haki kabisa, maana orodha ni maneno tu. Nilifungua kifurushi cha msimbo, na kwa kuwa viraka vimekwisha kuchanganywa, ilinibidi niliweke faili la C la kerneli yetu ubavuni mwa lile la kerneli ya juu hadi mistari inayokagua urefu wa bafa (sehemu ya kumbukumbu ya muda) ikaonekana pande zote mbili. Kazi hiyo inawezekana tu ukiwa na msimbo wa kifurushi kilekile kinachoendeshwa kwenye mashine yako. Stream ni njia ya kuelekea toleo dogo lijalo la RHEL, kwa hiyo kilichomo humo si lazima kilingane na kilichomo kwenye seva. Zaidi ya hayo, Stream 8 ilifika mwisho wake tarehe 31 Mei 2024, ilhali RHEL 8 inatunzwa hadi 2029. Marekebisho ya miaka hiyo iliyobaki hayapiti tena kwenye Stream 8.

Kuna tukio jingine la Julai 2023 linaloeleza mengi. AlmaLinux, ambao siku chache kabla walikuwa wametangaza kwamba wataacha kunakili RHEL hitilafu kwa hitilafu na badala yake watalenga programu za RHEL ziendelee kufanya kazi kwao bila kubadilishwa, walipeleka kwenye Stream rekebisho la udhaifu wa iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, uliopewa namba CVE-2023-38403. Jibu la kwanza la Red Hat lilikuwa kwamba hapakuwa na mpango wa kulishughulikia. Baada ya malalamiko kusambaa, rekebisho likapokelewa. Hawa ndio waliokuwa wakiambiwa kwamba kazi yao ni kunakili tu bila kuchangia kitu.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaowachora washindani wa Red Hat kama watetezi wa wanyonge. Agosti 2023 Oracle, SUSE na CIQ, kampuni iliyo nyuma ya Rocky, waliunda OpenELA ili kuweka hadharani msimbo unaohitajika kutengeneza mifumo inayolingana na RHEL. Msimbo huo una manufaa na mimi mwenyewe ninauchungulia, lakini wote watatu wanauza huduma kwa wateja walewale. Na hoja ya Red Hat kwamba wahandisi wake ndio wanaolipwa kutunza viraka hivyo kwa miaka 10 ni ya kweli, japo kiini cha wanachokitunza kimeandikwa pia na watu wengi wasiolipwa nao.

Sasa swali la pili. CentOS 7 ilikoma tarehe 30 Juni 2024. Hiyo ndiyo dharura yako, na mjadala wa leseni unaweza kungoja. Chombo cha ELevate cha AlmaLinux kinaweza kuivusha kwenda toleo jipya, ila kijaribu kwanza kwenye nakala ya seva, hasa kama una vifurushi vya kutoka hazina za nje. Seva za Rocky ziache zilivyo. Usisahau tu kuhifadhi msimbo wa vifurushi unavyotumia kwenye hazina yako ya ndani: amri ya dnf reposync ikiwa na --source itakufanyia kazi hiyo, na gharama yake ni diski tu. Debian ni chaguo zuri kwa seva mpya za tovuti, kwa sababu nyuma yake hakuna kampuni moja inayoweza kubadili masharti asubuhi moja, lakini kuhamisha mifumo inayofanya kazi vizuri kwa ajili ya hasira ni kupoteza muda wa vijana wako.

Usajili wa bure wa RHEL wa mashine 16 ni wa msanidi binafsi, kwa hiyo usijenge kampuni juu yake. Ile seva yako ya hifadhidata ya Oracle uliyoitaja, ambayo Oracle haiithibitishi kwenye Rocky wala AlmaLinux, ndiyo pekee ambayo ningeilipia, iwe kwa RHEL au kwa Oracle Linux. Kabla ya kusaini, soma kifungu cha mkataba kinachohusu kusambaza tena, kisha umuulize muuzaji kwa barua pepe kama kumpa mkaguzi wa nje nakala ya msimbo kunahesabiwa kuwa ni kuusambaza, na jibu lake ulihifadhi pamoja na mkataba.