Kwa wenzangu tuliosoma pamoja Chake Chake, Pemba

Wenzangu, assalaam alaykum.

Tulipokutana mwaka jana skulini kwetu, baada ya kuwasomea khitma walimu na wenzetu waliotangulia, mmoja wenu aliniuliza mbele ya wote kwa nini sisi tulioko Ulaya hatuji kwenye mikutano hii, na kwa nini hata tukija hatusemi maisha ya huko yakoje hasa. Chakula kilikuwa kimeshapakuliwa, kwa hiyo nilijibu kwa maneno mawili matatu. Swali lile ni la haki na linastahiki jibu refu zaidi.

Nianze na fedha, kwa kuwa ndizo tunazozionea haya kuzitaja. Kima cha chini cha mshahara nchini Uingereza kilipandishwa Aprili 2025 na kufikia pauni 12.21 kwa saa kwa mwenye umri wa miaka 21 na kuendelea. Anayefanya kazi saa 40 kwa wiki kwa kima hicho hupata kiasi cha pauni 2,100 kwa mwezi, na kabla hazijamfikia mkononi hukatwa kodi ya mapato na bima ya taifa, ambazo kwa pamoja hukaribia pauni 300. Zinazobaki, kodi ya nyumba ya vyumba viwili mjini London inaweza kuzimaliza karibu zote, na bado hujalipa umeme, gesi, nauli, wala hujamtumia mama kitu. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za Wapemba ninazozijua mume hufanya kazi usiku na mke mchana, wakawa wanapishana mlangoni.

Wengi wetu tunatunza wazee, tunaendesha mabasi na teksi, tunasafisha maofisi. Ni kazi za halali na zinalisha familia pande zote mbili za bahari. Lakini yule aliyekuwa akituongoza darasani kwa fizikia, ambaye leo kazi yake ni kuwaogesha wagonjwa, anapopata habari kwamba tunakutana, hulifikiria kwanza swali la "unafanya kazi gani huko?" kabla hajafikiria bei ya tiketi. Anajua kwamba nyumbani ameshachukuliwa kuwa ni mtu aliyefanikiwa, na kwamba hawezi kukaa nanyi saa tatu bila ya jambo hilo kuulizwa. Basi husema hana likizo. Msidhani anaringa, anakuoneeni haya, na huona haya kwa sababu rai yenu kwake ni nzito kuliko ya mtu yeyote aliyekutana naye ukubwani.

Zipo sababu nyengine ambazo si za moyo. Watoto wetu wanasoma, na katika skuli za England mzazi anayemtoa mtoto darasani kwa safari bila ya ruhusa anaweza kutozwa faini ya pauni 80 kwa kila mtoto, nayo huwa 160 asipolipa ndani ya siku 21. Kwa hiyo husubiri likizo ya kiangazi, ya mwisho wa Julai hadi mwanzo wa Septemba, ambapo kila mtu anasafiri na tiketi ya kupitia Addis Ababa au Doha hupanda sana. Wapo pia walioondoka bila ya kutuaga. Baada ya machafuko ya kisiasa ya Januari 2001 huko nyumbani wengine walivuka kwa mashua hadi Shimoni, Kenya, na kutoka huko wakatawanyika. Miongoni mwao wamo waliokwisha kuchukua pasi za kigeni, na kwa kuwa sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, hushuka uwanja wa ndege na kupanga foleni ya wageni katika kisiwa walichozaliwa. Hilo linauma, na sioni kama linazoeleka.

Nami nina jambo la kuiambia kamati yetu, na ninalisema kwa mapenzi. Orodha ya michango ilipoandaliwa, sisi wa nje tuliwekewa kiwango chetu peke yetu, mara kadhaa ya kile cha wengine. Ninafahamu nia ilikuwa njema, kwani vyoo vya skuli vinahitaji kujengwa upya. Lakini mwenzetu mmoja alipoiona orodha ile alijitoa kabisa, akaniambia kwamba alidhani anaalikwa na wenzake na kumbe anaalikwa kama mfadhili. Tafadhalini tutozeni sawa na wengine, na mwenye uwezo wa kuzidisha, awe yuko Wete au Toronto, atazidisha mwenyewe.

Sasa niseme nilichokipata siku ile, maana hata hicho sikukisema. Ninakofanya kazi wananiheshimu, lakini hakuna anayemjua baba yangu, wala aliyewahi kukaa nami kwenye kambi ya karafuu tukachuma mchana na kuchambua usiku mpaka vidole vikawa vyeusi. Mlipoliita jina langu la utani la skuli, ambalo hata mke wangu halijui, nilishindwa kuitika. Kisha mmoja wenu akanieleza, kana kwamba ni habari ndogo, kwamba baba alipofariki alikuwa miongoni mwa waliochukua jeneza. Alifariki alfajiri na akazikwa alasiri, kama inavyotakiwa, na safari kutoka London hadi Chake haiwezi kumfikisha mtu kwa saa hizo hata awe na fedha kiasi gani. Sikuwa nimejua kwamba wanafunzi wenzangu walikuwapo kaburini. Mnaniuliza ughaibuni kuna nini. Kuna mengi ya kushukuru, yakiwemo matibabu ya mwanangu, lakini maziko ya wazazi wetu yako mikononi mwenu, na deni hilo sisi hatuna pauni za kulilipa.

Kwa walioniuliza faraghani kuhusu vijana wao: tangu Julai 2025 Uingereza imeacha kuajiri wafanyakazi wapya wa kutunza wazee moja kwa moja kutoka nje. Anayekuuzieni nafasi hiyo leo anakuibieni, msimpe hata shilingi.

Mkutano ujao naomba upangwe wiki ya kwanza au ya pili ya Agosti na tarehe itangazwe kabla ya mwezi wa Januari, ili wanaoomba likizo wapate nafasi ya kuomba. Mimi nitakuja na watoto, nitafikia kwa mama mdogo Machomane, na sehemu yangu ya chakula nitaitoa kwa mtunza fedha mapema, kwa kiwango kile kile cha kila mtu.