Tarehe kurudi nyuma na kioo cheusi: ni mambo mawili tofauti
Kaka, umeuliza kama kompyuta yako ya mezani ina virusi, maana tarehe inarudi nyuma na kioo hakiwaki. Tarehe kurudi nyuma kila ukichomoa umeme si virusi. Ni betri ya kwenye bodi kuu (motherboard), ile ya kidonge iitwayo CR2032, volti 3. Kwa mashine ya zamani kama yako imeshakwisha; weka nyingine.

Hilo la feni kuzunguka, kioo cheusi, na mashine inalia pii pii, mimi naanza na RAM, vile vijiti vya kumbukumbu vilivyochomekwa kwenye bodi. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 10 chaji iishe, shika bati la kesi (kasha la kompyuta), ndipo utoe RAM. Sugua taratibu ile miguu ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, pangusa vumbi lake, rudisha moja moja mpaka ilie "ka!" Yangu ilifufuka hivyo hivyo, na fundi alishaniambia ninunue bodi mpya!

Ikigoma bado, chungulia kapasita, vile vimkebe vidogo vya kuhifadhi umeme, karibu na prosesa (chipu kuu). Zilizovimba kichwani au kuvuja uchafu wa kahawia, hao ndio wachawi wako. Ila pawa saplai, lile boksi linaloingiza umeme kwenye mashine, usiifungue, inabaki na umeme ndani hata ukiwa umechomoa waya.