Kozi ya mitambo ya kurejesha joto: inafaa kulipia?

SWALI: Mhariri, mimi ni fundi wa friji na viyoyozi, nina gredi ya II ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Nimeletewa tangazo la kozi ya siku tatu ya kubuni na kufunga mitambo ya hewa ya nyumbani inayorejesha joto. Nilipie? Na hapa Nairobi kazi hiyo ipo kweli? – Fundi, Kasarani

JIBU: Ndugu fundi, ujuzi wenyewe ni mzuri, ila kazi hapa bado ni haba. Ndani ya mtambo huu hewa chafu yenye joto kutoka jikoni na bafuni hupishana na hewa safi ya baridi bila kuchanganyika, na joto huvuka mabamba membamba yaliyo katikati. Usiku wa Julai, nje nyuzi 12 na ndani 20, nyumba ya vyumba vitatu itaokoa wati 200 hivi, kabla ya kutoa umeme wa feni. Tena nyumba zetu nyingi zina matundu ya hewa juu ya madirisha: joto lote linapitia hapo. Mteja wako ni mwenye nyumba iliyozibwa vizuri, anayekimbia vumbi na kelele za barabara.

Kozi nzuri hukufundisha hesabu kwanza. Mwongozo wa Uingereza wa 2021 kuhusu hewa ya nyumbani unataka lita 31 za hewa kwa sekunde kwa vyumba vitatu vya kulala, ikiwa nyumba haizidi mita 100 za mraba. Gawa hivi. Kutoa: jikoni 15, bafu 9, choo 7. Kuingiza: sebule 10, chumba kikubwa 9, vidogo viwili 6 kila kimoja. Pande zote mbili ni 31. Zisipolingana, nyumba itavuta au kusukuma hewa kupitia nyufa. Kisha kila mlango uachiwe milimita 10 juu ya sakafu iliyokwisha kuwekwa vigae, la sivyo hewa haina pa kupita. Seremala asiyeambiwa mapema huharibu hapo.

Kosa kubwa kuliko yote limejificha juu ya silingi: bomba laini la kukunjika, refu kupita kiasi, limebonyea kwenye kona. Feni hulazimika kukimbia, kelele inaingia chumbani, mwenye nyumba anazima mtambo. Tumia bomba gumu, na lile laini liwe kipande kifupi tu kilichonyooshwa mwishoni.

Bomba la kutoa maji ya mvuke unaopoa ndani ya mtambo liwe na mteremko na kona ya U yenye maji. Kwa hali ya hewa yetu maji hayo ni machache, kwa hiyo kona hukauka na harufu ya mfereji kupanda. Afadhali vali kavu ya kuzuia harufu. Kofia ya jiko ya kufyonza moshi isiunganishwe kamwe na mtambo, mafuta huziba yale mabamba. Na mtambo huu hauifanyi nyumba kuwa salama kwa jiko la makaa. Mwambie mteja waziwazi.

Kabla ya kulipa, muulize mwalimu ana anemomita (vipima kasi ya hewa) ngapi kwa wanafunzi wangapi, na kama kila mmoja atapima matundu yote, kurekebisha vali na kujaza karatasi ya vipimo ya kumkabidhi mteja. Kama ni slaidi tu, baki na pesa zako. Cheti hicho pia hakikupi ruhusa ya kuunga umeme. Kazi hiyo ni ya mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati.