Jibu: Uwanja wa shule ni wa nani?

Dada yangu, umeuliza kama mwalimu wa michezo ana haki ya kuwapa wavulana uwanja siku nne na kuwaachia wasichana Ijumaa pekee, kwa sababu timu ya wavulana ndiyo inayoshinda. Hana. Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinawapa wanawake na wanaume haki ya kupata fursa sawa, na shule ya umma haiwezi kukikwepa. Tena timu isiyopewa uwanja, mipira wala kocha itashindaje? Nimewaona mabinti wa hapa Likoni wakifanya mazoezi ufuoni maji yanapokupwa, kwa kuwa shuleni hawana nafasi, na jambo hilo linaniuma sana. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1972 kuhusu shule zinazopokea fedha za serikali kuu hutazama hata ratiba za mazoezi, vifaa na vyumba vya kubadilishia nguo. Iandikie bodi ya shule barua na uambatanishe ratiba hiyo. Wakinyamaza, nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Ulizia sodo pia, kwani tangu marekebisho ya sheria ya elimu ya mwaka 2017 serikali inapaswa kuzitoa bila malipo, na msichana asiye nazo huyakosa mazoezi.