Maswali ya wasomaji: Titi jipya baada ya saratani

Barua za mwezi huu zimetoka kwa akina mama waliokatwa titi kwa sababu ya saratani na sasa wanajiandaa kutengenezewa jingine. Moja ni ya mume. Wanaojibu ni madaktari na wauguzi wa upasuaji.

Nilikatwa titi la kushoto mwaka jana na nimemaliza mionzi miezi miwili iliyopita. Daktari anasema nisubiri. Nasubiri nini? Kwa nini nisiwekewe silikoni tu, mambo yakaisha? (Mama wa watoto watatu, Arua)

Unasubiri ngozi itulie, mama. Mionzi hupunguza mishipa midogo ya damu na kuifanya ngozi na nyama kuwa ngumu, na mabadiliko hayo huendelea hata baada ya matibabu kwisha. Madaktari wengi husubiri angalau miezi 6 tangu siku ya mwisho ya mionzi.

Silikoni, yaani titi bandia linalowekwa chini ya ngozi, ni upasuaji mfupi, saa moja au mbili, ndiyo maana inavutia. Lakini mwili wa kila mtu huizungushia kifuko cha kovu. Kwenye ngozi iliyopigwa mionzi kifuko hicho hukaza mara nyingi zaidi: titi linakuwa gumu, linapanda juu, linauma. Wakati mwingine kidonda hakifungi na silikoni inachungulia nje, ikabidi itolewe. Tena haikai maisha yote. Baada ya miaka kadhaa huenda ukahitaji kubadilishiwa.

Kwa aliyepata mionzi, sisi tunapendelea nyama yake mwenyewe, kwa sababu inakuja na mishipa yake ya damu. Ya mgongoni inavutwa mbele pamoja na msuli wake bila kukata mshipa unaoilisha. Ni kazi ya saa 3 hadi 4, ila hutosha titi dogo tu. Ya tumboni hutoa titi kubwa zaidi. Njia mojawapo ni kuikata kabisa na kuunga mishipa yenye upana wa milimita 2 au 3 chini ya hadubini, kazi ya saa 6 hadi 8 au zaidi, isiyopatikana katika kila hospitali. Uliza kwenye Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago wakupe barua ya kwenda kwa wapasuaji wa kurekebisha maungo. Hospitali ya CoRSU huko Kisubi, njia ya Entebbe, inajulikana kwa kazi hiyo.

Ukiwa umejifungua kwa upasuaji, sema. Kovu la kulala chini ya tumbo mara nyingi halizuii kitu. Kovu la wima linaloshuka kutoka kitovuni hukata njia ya damu inayovuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na mpango wote unaweza kubadilika.

Nimepangiwa baada ya wiki sita. Nina kisukari, na pia natumia dawa za miti shamba. Nijiandae vipi? (Msomaji, Mbale)

Anza na kisukari leo. Omba kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 3 hivi. Wapasuaji wengi hawataki kivuke asilimia 8, maana sukari ikiwa juu kidonda huchelewa kufunga na vijidudu hupata chakula. Kikikutwa asilimia 10, wiki sita huenda zisitoshe, na kuahirisha ni bora kuliko kidonda kilichofumuka.

Pima pia wingi wa damu. Kama ni kidogo utapewa vidonge vya chuma. Usivimeze na chai; majani ya chai huzuia chuma kuingia mwilini, kwa hiyo acha ipite angalau saa moja.

Sigara na shisha viachwe wiki 4 kabla au mapema zaidi. Nikotini hubana mishipa, na nyama iliyohamishwa inaishi kwa mshipa mmoja au miwili tu.

Miti shamba tunaomba uisimamishe wiki mbili kabla, na umtajie daktari wa usingizi kila ulichokunywa. Hatusemi hivyo kwa dharau. Baadhi ya mimea hupunguza kuganda kwa damu, mingine hushusha sukari, na hakuna anayejua kikombe chako kina kiasi gani. Aspirini na ibuprofeni ziulizie pia. Tamoksifeni, dawa ya kuzuia saratani ya titi isirudi, ni jambo jingine: huongeza hatari ya damu kuganda, na mara nyingi husimamishwa wiki 2 hadi 4 kabla ya upasuaji wa kuunga mishipa, lakini daktari wako wa saratani na mpasuaji ndio wanaoamua. Usiiache mwenyewe.

Kula protini kila siku: mayai mawili, maharage, mukene (dagaa), njugu. Matoke yanashibisha lakini hayajengi nyama.

Nyumbani, shusha sufuria na nguo mpaka usawa wa kiuno, maana mkono hautapanda juu. Tafuta nguo za kufunga vifungo mbele na mito minne ya kulalia. Mtu wa kukusaidia kwa wiki mbili za mwanzo ni lazima. Kwa wiki 6 hutabeba jerikeni wala mtoto. Jerikeni la lita 20 ni kilo 20, na mwanzoni hata kilo 2 au 3 zinatosha kukuumiza.

Usiku wa mwisho oga kwa sabuni, usinyoe kwapa kwa wembe. Chakula kinakoma saa 6 kabla ya upasuaji. Chai ya maziwa inahesabiwa kuwa chakula, na upasuaji mwingi umeahirishwa asubuhi kwa kikombe hicho. Maji matupu kwa kawaida huruhusiwa mpaka saa 2 kabla. Kwa kuwa una kisukari, uliza mapema asubuhi hiyo dawa zako utazifanyaje.

Mke wangu atarudi nyumbani na mirija miwili ya kutoa majimaji. Sijawahi kuishika. (Mume, Bombo)

Utaizoea kwa siku mbili, bwana. Mrija unatoka chini ya ngozi na kuishia kwenye kichupa laini cha plastiki. Kikibonyezwa na kufungwa, kinavuta majimaji yasikusanyike chini ya kidonda.

Osha mikono kwa sabuni. Fungua kizibo, mimina kwenye kikombe chenye alama za mililita. Kisha bonyeza kichupa mpaka pande zigusane, na ukiwa bado umekibana, rudisha kizibo. Hapo ndipo wengi hukosea: wanafunga kichupa kikiwa kimejaa hewa, mvuto unapotea, na kesho yake kuna uvimbe. Mwaga chooni, nawa tena. Fanya hivyo mara mbili au tatu kwa siku, au kichupa kikifika nusu.

Andika kwenye daftari saa, kiasi na rangi, kila mrija na safu yake. Bila daftari hilo daktari anabaki kubahatisha. Mrija hutolewa majimaji yake yakishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24, siku mbili mfululizo. Mara nyingi ni wiki ya kwanza au ya pili. Mmoja unaweza kutoka kabla ya mwenzake.

Damu ikiziba mrija, shika sehemu iliyo karibu na ngozi kwa vidole vya mkono mmoja ili usiung'oe, kisha kwa mkono mwingine ukamue kuelekea kichupani. Vichupa visining'inie, vibane kwa pini ndani ya nguo au vifungie kwenye mkanda wa kitenge.

Rangi huanza nyekundu, ikawa ya waridi, kisha njano. Piga simu hospitali ikirudi kuwa damu nyekundu inayojaa haraka, ikitoka usaha au harufu, au ikikoma ghafla huku kifua kinavimba.

Nitajuaje kuwa nyama iliyohamishwa inakufa? Na nitarudije Kasese? (Msomaji, Kasese)

Hatari kubwa iko katika saa 72 za kwanza, ukiwa bado wodini. Kwenye ngozi nyeusi rangi hudanganya, kwa hiyo muuguzi hutumia mgongo wa mkono kupima joto na kubonyeza kwa kidole aone damu inavyorudi. Ikiwa baridi na laini kupita kawaida, damu haiingii. Ikivimba, ikawa ngumu na yenye weusi wa zambarau, damu haitoki. Ukihisi mabadiliko, ita mtu hata saa nane usiku; saa chache ndizo zinazoamua kama itaokolewa.

Nyumbani, usitafute wekundu. Tafuta joto, maumivu yanayoongezeka, ngozi inayong'aa, au homa ya nyuzi 38. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, ni dharura.

Safari, mpaka daktari akuruhusu. Kwenye basi weka mto chini ya mkanda, na kila kituo shuka utembee. Bodaboda, wiki 6 bila.

Titi jipya halina hisia. Zitarudi? Na gomesi naweza kuvaa? (Bibi, Jinja)

Kidogo huenda zikarudi, zote hapana. Usiweke chupa ya maji moto hapo wala usiinamie sigiri: utaungua bila kujua.

Gomesi, vazi letu refu la akina mama, lenyewe halina neno, shida ni mshipi wake, unaokaa juu ya kovu la tumbo. Legeza, au subiri wiki 6 hadi 8. Kama makovu yako huota kuwa makubwa, anza kubandika juu yake karatasi laini za silikoni kidonda kikishafunga kabisa, angalau saa 12 kwa siku, kwa miezi 3 au zaidi. Chuchu hutengenezwa baadaye, titi likishatulia, kwa kawaida baada ya miezi 3 hadi 6. Na titi la upande wa pili liendelee kupigwa picha ya eksirei kila mwaka.