Mama mwenye dimensia ameacha kutembea ghafla: usimlaze kwanza

Pole sana ndugu. Umeuliza kama mama amepooza, maana ugonjwa wa kusahau anao miaka mitatu na alikuwa anatembea, ila wiki hii hainuki kitini. Mimi nimemuuguza mama yangu miaka sita huku Muheza mpaka alipotutoka, na swali hilo liliwahi kuninyima usingizi.

Dimensia haiishii kwenye kumbukumbu, hata kutembea kunapangwa na ubongo. Miguu ya mama yangu ilikuwa na nguvu, ila alisahau aanze na upi. Akifika mlangoni penye zulia jeusi anaganda, vidole vya miguu vimekaza sakafu, kaning'ang'ania kanga: "Shimo hilo." Nikaliondoa lile zulia, akapita.

Lakini wewe umesema wiki hii. Alzheimer, aina ya dimensia inayoonekana zaidi, kwa kawaida humwondolea mtu uwezo wa kutembea polepole, miezi hadi miaka. Mtu akiacha ghafla, tafuta kingine: kiharusi, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), choo kigumu, dawa mpya hasa za usingizi, au alianguka usiku nyonga ikavunjika nanyi hamjui. Mama yangu aligoma kusimama siku tatu, tukaambiwa ni uzee tu. Dada yangu akakomaa mkojo upimwe, ikakutwa UTI. Alipomaliza dawa akarudi kwenda chooni kwa kushikwa mkono. Wagonjwa hawa hawawezi kusema "hapa panauma", kwa hiyo mtazame uso unapomgeuza.

Kosa langu lilikuja baadaye. Alianguka, nikaingiwa na hofu, nikamweka kitandani siku kumi. Mapaja yakanywea, kidonda kikaanza juu ya makalio, na hakutembea tena peke yake. Hilo linaniuma hadi leo.

Daktari akishathibitisha hakuna mfupa uliovunjika, msimamishe kila siku, hata kwa kushika meza tu. Usimvute mikono. Asogee ukingoni mwa kiti, nyayo zirudi nyuma kidogo, ainamie mbele, mhesabu pamoja mpaka tatu. "Tembea" kwa mama halikuwa na maana, ila nikisema "twende tukachambue mchicha" anainuka. Akiwa njiani usimpigishe soga, mawazo yake yanatosha hatua tu.

Mpeleke hospitali leo hii, na ubebe dawa zake zote, hata zile za duka la mtaani. Mkirudi tuambie vipimo vimesemaje.